Kupanda Longonot kwa Kundi

Mlima Longonot uko karibu na Naivasha, Kenya. Kimo chake ni mita 2,776. Zamani ulitoa moto. Vyama vya wapanda milima huenda asubuhi na mapema na kurudi siku hiyo hiyo. Njia ni ya majivu. Mguu huteleza, hasa wakati wa kushuka. Juu hakuna maji. Kila mtu abebe yake, hata kijana anayejiona simba.

Ukifika juu, tazama chini. Ndani ya shimo kuna msitu mzima, kama mboga chunguni!

Kuzunguka ukingo ni kilomita 7 hivi. Hapo wenye mbio huwaacha wenzao. Kundi zuri humweka mzoefu mmoja nyuma kabisa. Wa mwisho akichoka, wote hupumzika. Mvua kubwa ikija, wote hugeuka, hata kama kilele kiko mbele ya macho.