Kahawa ghali hupitia tumboni mwa mnyama!

Jioni ikiingia Soweto West, Kibera, muuza kahawa hupita vijiani na dele lake lenye makaa, akigonganisha vikombe. Ni kahawa tungu yenye tangawizi, kwa shilingi chache tu. Mwambie, msomaji, kuwa kuna kahawa ambayo kilo moja huweza kuuzwa kwa mamia ya dola, nayo imeokotwa kwenye kinyesi. Atacheka hadi amwage kikombe!

Lakini si mzaha. Kule Indonesia yuko luwak, mnyama wa jamaa ya fungo, ambaye watu wa Pwani humjua kwa zabadi. Usiku hupanda mibuni na kuchagua matunda yaliyoiva. Nyama ya tunda huyeyuka tumboni, buni hutoka nzima. Inasimuliwa kuwa katika karne ya 19, vibarua wa mashamba ya Waholanzi walikatazwa kujichumia kahawa, basi wakaokota buni hizo, wakaziosha na kuzikaanga. Leo wanywaji ni matajiri.

Tamaa nayo imeingia. Mwaka 2013, BBC ilifichua fungo waliofungiwa vizimbani na kulishwa kahawa.

Sasa tujiulize: siri ya luwak ni nini ila kuchagua iliyoiva? Kina mama wa Kiambu na Nyeri huifanya kazi hiyo kwa vidole, tunda baada ya tunda, na hakuna anayewalipa mamia ya dola. Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga. Aliyefungwa hula apewacho.

Mimi nitabaki na kikombe changu cha Soweto West.