Kisanduku Namba 17

Februari 2024 niliingia maktaba moja hapa Brooklyn Park, jimbo la Minnesota, nikiwa bado na sare za kazi. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee, karatasi ya W-2, inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka, nimeikunja mara nne mfukoni. Kwa miaka sita nilikuwa nikijaziwa fomu za kodi na ofisi moja ya mtaani. Walinitoza zaidi ya dola 300 kila mwaka, na sikuwahi kuelezwa hata mstari mmoja.

Safari hii nilienda kwa wanaojitolea kujaza fomu hizo. Aliyenihudumia alikuwa kijana wa kwetu, mwanafunzi. Aliikunjua ile karatasi, akaweka kidole kwenye kisanduku namba 17.

"Mama, hii ndiyo kodi ya jimbo uliyokatwa mwaka mzima. Una watoto wangapi?"

"Watatu, mwanangu. Mkubwa ana miaka kumi na mitano."

Swali hilo lilinigusa. Nilipofanya kazi Kisii, Kenya, kodi ya mshahara, PAYE, ilikatwa bila kuuliza nani analisha nani. Kijana akapiga hesabu. Mshahara wangu haukufika dola 29,000. Sheria iliyopitishwa jimboni Mei 2023 ilitoa, kwa mwaka huo, dola 1,750 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 18. Kwangu ni 5,250, mbali na ile kodi niliyokatwa.

Nikamwambia aziondoe pesa hizo.

Nilisema kwa moyo wote. Nimelelewa kuamini kwamba mwenye mikono miwili haombi. Na kanisani tulikuwa tumeonyana: ukigusa pesa za serikali, kadi ya kijani ya ukaazi utaiona kwa wenzako. Kijana aliweka kalamu chini. Alinieleza kwamba kwa kanuni za wakati ule marejesho ya kodi hayakuhesabiwa kuwa msaada kwenye mambo ya uhamiaji. Kisha akaniuliza sabuni nanunua wapi, petroli natia wapi.

"Kote huko unalipa kodi, Mama, kiwango kilekile cha daktari. Yeye haisikii. Wewe unaisikia mpaka kwenye sufuria."

Akaongeza kwamba sheria hiyohiyo iliwawekea asilimia 1 zaidi wenye faida ya uwekezaji inayozidi dola milioni 1. Hapo nikaelewa. Nilikuwa nikichangia siku zote, na sasa mzigo ulikuwa unapangwa upya mabegani. Nililia palepale mezani, akanipa kitambaa.

Majira yote ya baridi mwanangu wa pili alikuwa akivaa buti za dada yake, ndani amezungushia miguu mifuko ya mkate isilowe. Pesa zilipoingia, tulianzia dukani kwa buti. Kodi ya nyumba ya miezi miwili ikafuata.

Bado kuna pasipo sawa. Mwaka ule, mzazi aliye peke yake akipita dola 29,500, kila dola 100 za ziada zilimpunguzia 12. Anayeumia hapo ni yule aliyekubali zamu ya Krismasi. Nilipanda basi hadi St. Paul nikamweleza hilo mwakilishi wetu wa bunge la jimbo, kwa Kiingereza changu hikihiki, na W-2 mkononi. Zamani ningeona aibu.

Siku hizi, Jumamosi za Februari, naketi karibu na mlango wa maktaba ileile. Nikimwona mwenzangu anaingia na bahasha kifuani, namwita akae nami kwanza.

"Dada, W-2 umebeba? Na kadi za utambulisho za watoto?"