Bonde la Lamar: pahali baba anakubali kuangushwa

Kule Marekani, upande wa magharibi, kuko parki kubwa inayoitwa Yellowstone, iliyofunguliwa mwaka wa 1872. Ndani yake kuna bonde la Lamar: mto, majani mengi, nyati wa kule, na theluji miezi mingi. Asubuhi mapema watu wanasimama kando ya barabara na vyombo vya kuonea mbali. Wanatafuta mbwa-mwitu.

Wengi wetu tunamjua mnyama huyu kwa habari ya kondoo tu. Hata kule walimchukia: kufika mwaka wa 1926 walikuwa wamewamaliza wote ndani ya parki. Mwaka wa 1995 wakaleta 14 kutoka Kanada, na 1996 wengine 17.

Kundi lao si jeshi la mkubwa na watumwa wake, sawa vile watu walidhani zamani. Mara nyingi ni baba, mama na watoto wao, wa mwaka huu na wa mwaka uliopita. Wadogo wanazaliwa mwezi wa ine ndani ya shimo. Kisha majuma matatu hivi wanatoka, na mchezo unaanza: kukimbizana, kuvutana mfupa, kujificha na kurukia ndugu. Anayetaka kucheza anainamisha kifua chini, matako juu, mkia unatikisika. Ni kusema: nitakuuma, lakini si vita. Akizidisha, mwenzake analia na mchezo unakatika. Hivyo anajifunza kupima meno yake. Wakubwa wanaleta nyama tumboni, wanaitapika, wadogo wanakula. (Usicheke, kwao ni chakula cha moto!)

Sasa sikieni habari ya yule waliyempa namba 21. Alizaliwa mwaka ule wa 1995, na siku zilezile mtu akamwua baba yake kwa risasi. Mama akabaki na watoto wanane. Watu wa parki wakawatunza ndani ya lupango mpaka mwezi wa kumi. Ndipo kijana wa kundi lingine, namba 8, mwenye mwili mdogo, akacheza na watoto wale, mama akamkubali, naye akawalea.

Mwisho wa mwaka wa 1997, huyu 21 akaingia katika kundi la Druid, naye akalea watoto ambao hakuwazaa. Rick McIntyre, aliyemtazama miaka mingi, anasema 21 hakushindwa vita hata moja. Lakini mtoto mdogo akimrukia, kumbe yeye anajiangusha chini, miguu juu, na mtoto anasimama juu yake, mkia ukitikisika.

Alikufa mwaka wa 2004.