Fundi, Redio na Saa Kumi Alfajiri

Mwaka 1976, mjukuu wangu, nilikuwa nasoma Santiniketan, kwenye chuo alichokianzisha mshairi Tagore, nikapanga chumba kwa fundi cherehani wa kijiji cha jirani, wilayani Birbhum, India. Televisheni ilikuwa imeingia Calcutta mwaka uliotangulia, lakini kwetu umeme wenyewe haujafika. Burudani kubwa ilikuwa maigizo ya jatra. Mvua zikishakatika, makundi yalitoka mtaa wa Chitpur, Calcutta, yakazunguka vijijini: jukwaa halina pazia, watazamaji wamelizunguka, karabai zinavuma, na wafalme wa mchezo wanafoka mpaka usiku wa manane. Kukaa chini kwenye mabua ya mpunga ilikuwa rupia mbili. Bei ya kiti sikuwahi kuiuliza. Kabla hujasikia ngoma ulipokewa na harufu ya mafuta ya haradali. Bajia za bilingani na bisi za mchele zilifungwa kwenye gazeti la juzi, kwa hiyo habari za dunia tulizisoma zikiwa zimelowa mafuta.

Lakini siku za kawaida redio ndiyo iliyotawala. Ya fundi alikuwa ameishonea vazi la kitambaa cha maua, na betri aliziotesha jua ili zisogeze siku. Kila mwaka, sikukuu ya Durga ikikaribia, Akashvani, redio ya taifa, kutoka Calcutta ilirusha saa kumi alfajiri kisomo cha kumsifu mungu huyo wa kike, na tangu miaka ya 1930 sauti ilikuwa ya Birendra Krishna Bhadra. Fundi alikuwa Mwislamu, ila saa hiyo alikuwa macho anamalizia nguo za sikukuu za wateja, na majirani walijaa barazani kwake. Mwaka ule wakubwa wa redio wakamweka kando mzee, wakamleta Uttam Kumar, nyota wa filamu ambaye picha yake haikukosekana kwa vinyozi. Bibi mmoja jirani, uso umekunjamana kama embe kavu, akasikiliza kidogo, akainuka: “Huyu anambembeleza Suchitra Sen!” yaani mwigizaji mwenzake wa filamu za mapenzi. Ilikuwa Hali ya Hatari ya waziri mkuu Indira Gandhi, magazeti yanachujwa, watu wamefyata ndimi hata mafuta ya taa yakiadimika. Kwa kubadilishiwa sauti ya redioni wakaja juu. Malalamiko yakamiminika, na sikukuu haijaisha kisomo cha zamani kikarushwa upya.

Uttam Kumar alipofariki mwaka 1980 nilikuwa nimesharudi nyumbani. Fundi aliniandikia kwamba bibi yule hakula kutwa nzima, na kwamba betri zimepanda bei tena.