Mti wa Miiba Uani na Macho ya Mjukuu

Watu wengi huuita kaktasi, lakini mti ule mrefu wenye miiba miwili miwili na matawi yaliyosimama kama mishumaa si kaktasi. Asili ya kaktasi ni Amerika, nayo kwa kawaida haitoi maziwa. Huu ni wa Afrika, ndugu wa minyaa ya uzio. Wataalamu huuita Euphorbia candelabrum, na huweza kupita mita 10.

Hauhitaji maji mengi, hivyo huvumilia kiangazi cha Juni hadi Septemba. Kipande kilichokatwa huachwa kivulini kama wiki mbili, jeraha likauke, ndipo kipandwe kwenye kichanga kisichotuamisha maji. Kikipandwa kibichi wakati wa mvua, huoza.

Hatari iko kwenye utomvu mweupe. Huunguza ngozi. Ukiingia jichoni huleta maumivu makali, uvimbe na ukungu, pengine baada ya saa kadhaa. Usipotibiwa, huweza kuharibu macho.

Bibi mmoja wa Ujiji anao uani, alioupanda marehemu mumewe. Mwanawe alipomleta mtoto wa miaka 4 akae naye, alishika panga.

"Mama, huu tuukate leo."

"Mwanangu, ukiukata ovyo, wa kwanza kuumia ni wewe."

Bibi alisema kweli: anayekata ndiye anayerukiwa na utomvu. Walikubaliana kupunguza matawi ya chini tu. Kijana alivaa miwani, glavu na mikono mirefu, mtoto akapelekwa kwa jirani. Vipande vilifukiwa shimoni badala ya kuchomwa, maana moshi wake nao huwasha macho. Kisha wakazungushia fito.

Utomvu ukimwingia mtu jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kope zikiwa wazi. Asifikiche. Usitie maziwa ya mama, mafuta wala dawa ya macho ya mtu mwingine. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata maumivu yakipungua, na uwaambie ni mti gani.

Mjukuu sasa anajua kuwa maziwa yale hayanyweki wala hayachezewi. Anaruhusiwa kuhesabu matawi akiwa nje ya fito. Akifika 11 hupotea, bibi humwambia aanze upya.