Dozi Isiyomalizika

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Aghalabu methali hii hutajwa kumkumbusha mgonjwa asione haya kueleza yanayomsibu. Hata hivyo, yupo mgonjwa ambaye hakuficha chochote. Alikwenda kupimwa, akapewa dawa, akazinywa zote bila kuruka hata siku moja, na bado nusura kifo kimuumbue. Kisa chake kinawahusu wapenzi wa Kiswahili kwa sababu kilichomponza hakikuwa ukaidi. Lilikuwa neno.

Mgonjwa huyo ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkaazi wa Suam. Suam ni mji mdogo wa mpakani katika miteremko ya Mlima Elgon. Msafiri atokaye Kitale huufikia baada ya kupita Endebess. Mto Suam ndio unaotenganisha Kenya na Uganda mahali hapo, kabla ya kuteremka kuelekea kaskazini na kuitwa Turkwel. Wakaazi wengi ni wakulima wa mahindi, wafugaji na wachuuzi wanaovuka daraja kila uchao. Mwalimu alisomesha Kiswahili huko kwa miaka mingi. Miongoni mwa sentensi alizowaandikia wanafunzi ubaoni ni agizo lililojulikana na kila mtu wakati wa malaria: maliza dozi hata ukipata nafuu.

Siku moja kichwa kilimwuma kwa muda mrefu, akaenda kwenye kituo cha afya. Alipimwa, akaambiwa ana shinikizo la damu. Akapewa vidonge 30 ndani ya kibahasha cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu: 1 x 1. Muuguzi akamwambia, "Mwalimu, hizi ni za kila siku." Mwalimu aliitikia kwa adabu, akashukuru, akarudi nyumbani. Alikunywa kidonge kimoja kila asubuhi baada ya chai. Siku ya 30 kibahasha kilikuwa kitupu na kichwa kilikuwa kimetulia. Akamwambia mkewe kwa fahari, "Nimemaliza dozi."

Miezi kadhaa baadaye, asubuhi ya msimu wa palizi, kikombe kilimponyoka. Mkono wa kulia ulikataa kumtii na maneno yakamkwama kinywani. Kilikuwa kiharusi. Majirani walimkimbiza hospitalini na akanusurika, lakini mkono ule haujarejea kama ulivyokuwa. Mtu aliyeandika ubaoni maisha yake yote sasa huandika kwa shida jina lake tu.

Mtu akiulizwa ni nani aliyekosea, jibu si rahisi. Muuguzi alisema kweli. Mgonjwa alifuata alichosikia. Ila baina yao palikuwa na neno dozi, ambalo limezoeleka katika Kiswahili kwa maana ya safari nzima ya matibabu, yenye mwanzo na mwisho. Mtu huanza dozi, huendelea nayo, kisha huimaliza na kupona. Maana hiyo inafaa kabisa kwa malaria. Inafaa hata kwa kifua kikuu cha kawaida, ambacho dozi yake huchukua miezi 6. Haifai kwa shinikizo la damu, kisukari, kifafa au Virusi vya UKIMWI. Dawa za shinikizo la damu huliteremsha shinikizo maadamu zinatumiwa. Zikiachwa, aghalabu shinikizo hupanda tena kimyakimya, wala mwenyewe hahisi chochote. Kwa hiyo nafuu anayoipata mgonjwa si ushahidi kwamba dawa imemaliza kazi. Ni ushahidi kwamba inaendelea kuifanya.

Fauka ya hayo, si neno pekee linalokatiza dawa. Mwalimu alipoanza upya, alikumbana na mambo ambayo hayaandikwi kwenye kibahasha. Katikati ya mwaka, mahindi yangali shambani na ghala limekwisha, nauli ya kwenda kliniki hushindana na unga. Kidonge kinachopatikana duka hili huwa cheupe, cha duka lile huwa cha manjano na jina lingine, ilhali huenda ni dawa ileile. Jirani mwema naye hushauri kwamba mtu asizoeshe mwili wake dawa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 2003 kwamba hata katika nchi zilizoendelea takriban nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu hutumia dawa zao inavyotakikana, na kwamba hali ni duni zaidi katika nchi zinazoendelea. Ni dhahiri basi kwamba tatizo hili halitokani na ujinga wa watu wa kijijini.

Kuna utafiti uliofanyika nchini Kenya ambao mwanafunzi wa Kiswahili angepaswa kuufahamu. Kati ya mwaka wa 2007 na 2009, wagonjwa 538 waliokuwa wakianza kutumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI walishirikishwa katika kliniki 3 za Nairobi na Kajiado. Baadhi yao walitumiwa ujumbe mfupi wa simu mara moja kwa wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu katika muda wa saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2010. Asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walisema wanatumia dawa ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wasiotumiwa. Virusi vilidhibitiwa katika damu ya asilimia 57 ya kundi la kwanza na asilimia 48 ya kundi la pili.

Ujumbe huo haukutaja dawa wala ugonjwa. Haukuamrisha wala kukaripia. Uliuliza hali tu. Lakini ulikuwa na jambo ambalo salamu za kawaida hazina. Mswahili akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo" hata kama amelazwa kitandani, kisha ndipo aeleze maradhi yake iwapo ataulizwa zaidi. Huo ni uungwana, lakini mbele ya daktari mwenye foleni ndefu uungwana huo waweza kumfungia mgonjwa mlango. Katika utafiti ule, "Shida" lilikuwa jibu halali tangu mwanzo, na aliyelitoa alitafutwa ili asaidiwe.

Bintiye Mwalimu, ambaye anasomea Kiswahili chuoni, aliufahamu utafiti huo akaamua kuuiga. Bila shaka mtoto hawezi kumwambia babake "Mambo?" Kwa hiyo kila Jumatatu humpigia simu na kumwuliza, "Shikamoo Baba, umeamkaje?" Wamekubaliana kwamba Mwalimu hatajibu "salama" kwa mazoea. Vidonge vikiwa vya kutosha, husema vipo. Vikibaki 7, husema hivyo, na hapo familia huanza kutafuta nauli kabla ya kibahasha kuwa kitupu. Zamani kibahasha kitupu kilikuwa ishara ya ushindi. Siku hizi nyumba nzima inajua kwamba ni hatari, na kwamba hakuna dawa ya kuachwa wala kupunguzwa kabla ya kumwuliza mhudumu wa afya.

Istilahi za isimu na fasihi zimejadiliwa sana katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, na ni vyema. Lakini maandishi ya Kiswahili yanayosomwa na watu wengi zaidi huenda yakawa yale ya mabango ya zahanati na vibahasha vya dawa. Humo, dawa ya siku 3 na dawa ya maisha hueleweka kwa neno moja. Wataalamu wa lugha na wa tiba wakiketi pamoja, haitakuwa vigumu kutenganisha dozi ya kumaliza na dawa ya kudumu, na kuhakikisha kwamba baada ya "kila siku" mgonjwa anaambiwa pia ni hadi lini.

Mwalimu mwenyewe hakusubiri kamati. Kila anapopewa kibahasha kipya, humpa mkewe kalamu na kumwomba aongeze maneno mawili chini ya ile 1 x 1: bila kikomo. Kisha hukiweka karibu na birika la chai, mahali ambapo atakiona kesho asubuhi.