Upendo Usemao Kweli



Wiki hii nawaalika tutafakari jambo linalowatia hofu wazazi wengi: mtoto mchanga kupewa dawa ya usingizi ili apigwe picha za ndani ya mwili. CT-Scan huchukua sekunde chache tu, na mara nyingi haihitaji dawa hiyo. MRI huweza kuchukua nusu saa au zaidi, tena kwa kelele nyingi. Mtoto akijitikisa, picha huharibika.

Aliyelala kwa dawa hawezi kujikinga akipaliwa. Maziwa yakipanda kutoka tumboni yaweza kuingia mapafuni. Ndiyo maana kwa kawaida huagizwa saa 4 tangu kunyonya maziwa ya mama, na saa 6 tangu maziwa ya kopo.

Niliwahi kumsindikiza mama mmoja hospitalini. Mwanawe wa miezi saba alilia kwa njaa hata mama akajitenga pembeni, akamnyonyesha. Muuguzi alipouliza mtoto alinyonya saa ngapi, mama alinyamaza. Alikuwa amesubiri siku hiyo kwa majuma, na nauli alikuwa ameikopa. Kisha akasema kweli. Kipimo kikasogezwa hadi alasiri, na mtoto akaamka salama.

Kumnyonyesha kulikuwa upendo. Kusema kweli kulikuwa upendo mkubwa zaidi. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi tusimfiche daktari kitu: wala maziwa, wala mafua, wala mkoromo wa usiku.

Nanyi wazazi, ulizeni bila woga. Ni nani atakayeangalia pumzi ya mtoto muda wote, asiye na kazi nyingine? Oksijeni ipo tayari? Atachungwa hadi aamke kabisa? Kwa mtoto wa miezi ya mwanzo, ulizeni pia kama yawezekana ashibishwe maziwa, azibwe masikio, aviringishwe vema na kulala mwenyewe bila dawa.

Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha juu ya kuwapa watoto wa chini ya miaka 3 dawa hizi mara kwa mara, au kwa zaidi ya saa 3. Usingizi mmoja mfupi haukuonekana kuwa na madhara hayo. Basi hofu isitufanye tukimbie kipimo chenye lazima.

Nawatakia Dominika njema.